Kabla hujachomoa ruta: kuzima, kuwasha na kutunza vifaa vya mtandao Nyanda za Juu Kusini

Mtandao ukigoma, wengi wetu tunakimbilia waya wa umeme. Chomoa, chomeka, subiri. Mara nyingi inasaidia, ndiyo maana tabia hii haifi. Lakini ruta ikizimwa inasahau. Logi zake, yaani kumbukumbu za yaliyotokea, kwenye ruta nyingi za nyumbani na hata kwenye ruta za MikroTik ambazo hazijabadilishwa mipangilio, zinakaa kwenye RAM, hifadhi ya muda inayohitaji umeme. Umeme ukikatwa zimefutika. Kama chanzo kilikuwa adapta iliyochoka, kichwa cha faiba chenye vumbi au mtu aliyechomeka waya pasipo pake, umefuta ushahidi kwa mkono wako, na kesho tatizo litarudi vile vile.

Ninachoomba kwa kila anayetunza mtandao wa nyumba, duka, shule au zahanati, kuanzia Iringa hadi Tunduma, ni dakika mbili za kutazama kabla ya kuchomoa. Piga picha ya taa kwa simu. Kama unaweza kuingia kwenye ruta, nakili logi. Halafu ndipo uzime, na uzime kwa utaratibu.

Taa zinasema nini

Kwenye kile kiboksi cha faiba, ONT, taa za kutazama kwanza ni mbili: PON na LOS. PON ikiwaka bila kupepesa, kiboksi kimeshasajiliwa kwa mtoa huduma. Ikipepesa, bado kinajaribu. LOS ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki kabisa au unafika dhaifu mno, na hapo unaweza kuzima na kuwasha ruta mpaka jioni bila kubadilisha chochote. Fuata waya wa faiba uone kama haujakunjwa nyuma ya kabati au kubanwa na mlango. Usiukunje kwa duara dogo kuliko lenye nusu kipenyo cha sentimita 3. Kama waya uko salama, piga simu kwa mtoa huduma na umwambie hivi: "LOS inapepesa nyekundu, PON haijashika." Ukisema hivyo fundi anajua kuwa aje na vifaa vya faiba, asije na ruta mpya.

PON imetulia, LOS imezimika, lakini intaneti hakuna? Basi tafuta kwingine: malipo ya mwezi, jina na neno la siri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha na kuingia kwa mtoa huduma), au ruta yenyewe.

Ukiweza kufungua ukurasa wa ONT, tafuta nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kwa GPON, yaani faiba ya kawaida ya majumbani, namba kati ya -8 na -27 dBm ndiyo eneo la kazi; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, mwanga ni dhaifu zaidi. Mimi ikishafika -25 siiachi hivi hivi. Cha maana zaidi ni kuiandika siku faiba inapofungwa, kwa peni ya wino usiofutika, ubavuni mwa kiboksi chenyewe. Siku ya kufungwa ilikuwa -19 na leo ni -26? Kuna kichwa kichafu, mkunjo au kiungio kilichoingia maji, hata kama intaneti bado inakwenda. Bila namba ya kwanza hutajua kuwa hali inashuka mpaka mtandao ukatike.

Kwenye swichi, kile kiboksi cha kugawa waya za mtandao, dalili ya kuijua ni taa zote kupepesa haraka, kwa pamoja, bila kupumzika, hata wakati hakuna mtu anayetumia mtandao. Shuku mzunguko: waya mmoja umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, au swichi mbili zimeunganishwa kwa waya mbili. Hutokea sana baada ya usafi wa ofisi, pale mtu anapoona waya unaning'inia akauchomeka kwenye tundu la karibu kwa nia njema. Swichi nyingi za bei nafuu hazina STP, kinga ya kuzuia mzunguko kama huo, kwa hiyo pakiti zile zile zinazunguka na kuongezeka mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Ukiizima na kuiwasha itapumua sekunde chache kisha itarudi pale pale. Chomoa waya mmoja mmoja, ukingoja sekunde tano kila mara, mpaka taa zitulie. Uliochomoa wa mwisho ndio wenye kesi.

Utaratibu wa kuzima na kuwasha

Kuzima huanza kwa watumiaji kuelekea kwenye chanzo. Kompyuta ya seva na NVR (kinasa picha) ya kamera vizimwe kwa menyu zao, kwa sababu vina diski inayoandika muda wote, na ukikata umeme katikati ya kuandika faili zinaharibika. Kisha akses pointi (vifaa vya kurusha Wi-Fi) na swichi, kisha ruta, mwisho ONT. MikroTik ina amri yake ya kuzima, /system shutdown. Itumie, uache itulie, ndipo ukate umeme kwenye swichi ya soketi ya ukutani. Kuchomoa kile kipini cha duara nyuma ya ruta kila mara kunalegeza tundu lake, na tundu likilegea utapata ruta inayozimika ukiigusa tu.

Baada ya kukata umeme ngoja sekunde 30. Kapasita za ndani ya adapta na ya ruta hubaki na chaji kidogo, na ukirudisha umeme baada ya sekunde mbili, saketi nyingine zinakuwa hazijazimika kabisa. Zinaendelea na hali ile ile mbovu uliyotaka kuiondoa.

Kuwasha ni kinyume chake. ONT kwanza, ungoje PON itulie. Dakika moja hadi tatu ni kawaida. Kisha ruta, ungoje mpaka ipate anwani ya IP upande wa nje. Kisha swichi, na mwisho akses pointi, kamera, printa na kompyuta. Ukiwasha vyote kwa mkupuo, kompyuta itaomba anwani wakati ruta bado haijaamka, haitajibiwa, na itajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Mtumiaji ataona alama ya mtandao ipo na hakuna kinachofunguka. Ukiona 169.254 usiguse ruta. Chomoa waya wa kompyuta hiyo na uurudishe, au zima na uwashe Wi-Fi yake.

Kuna kesi moja inayowasumbua wengi wenye PPPoE. Ruta ikizimika ghafla, seva ya mtoa huduma inaweza kuendelea kuamini kuwa bado uko ndani, na akaunti yako ikiwa inaruhusu kikao kimoja tu, unakataliwa kuingia. Kuwasha na kuzima mara kwa mara hakusaidii. Izime ruta dakika tano hadi kumi, kikao cha zamani kife chenyewe. Vile vile umeme ukirudi mji mzima kwa wakati mmoja, viboksi vya mtaa mzima vinaomba kusajiliwa kwa pamoja. Vipe robo saa kabla ya kuanza kugusa.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu, waya wa faiba hawana, lakini namba ya kuangalia wanayo: RSRP, nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani. Ikiwa bora kuliko -90 dBm, hali ni nzuri. Ikishuka chini ya -110, kuzima na kuwasha kutakupa nafuu ya muda tu. Kwenye mabonde yetu, kuihamisha ruta kwenye dirisha linalotazama mnara hufanya kazi kubwa kuliko kuibadilisha.

Na kile kitundu kidogo kilichoandikwa RESET, kiacheni. Kukibonyeza kwa pini sekunde kumi hakuwashi ruta upya. Kunaifuta na kuirudisha ilivyotoka kiwandani: jina la PPPoE limekwenda, neno la siri la Wi-Fi limekwenda, mipangilio ya kamera imekwenda. Ubandikie plasta juu yake kama kuna watoto au wafanyakazi wengi.

Umeme: ogopa unavyorudi

Huku kwetu umeme unapokatika si kitu, hatari iko unaporudi. Mara nyingi haurudi mara moja. Unapepesa mara mbili tatu ndipo unatulia, na kila pepeso ni msukumo mpya ndani ya adapta. Umeme ukikatika zima soketi. Ukirudi subiri dakika chache uone kama umetulia, ndipo uwashe.

Kama hakuna mtu wa kufanya hivyo, nunua gadi, ile ile wanayofungia friji, yenye kuchelewesha umeme baada ya kurudi. Naipendekeza kuliko stebilaiza kwa sababu hii: geuza adapta ya ruta usome maandishi. Karibu zote za sasa zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Adapta kama hiyo inafanya kazi vizuri kabisa jioni umeme ukishuka hadi 170, kwa hiyo stebilaiza inatatua tatizo ambalo ruta haina. Na stebilaiza za bei nafuu zinabadilisha ngazi polepole mno kuzuia msukumo wa radi. Pesa hiyo iweke kwenye gadi na kwenye ekstensheni yenye kinga ya kweli.

Ekstensheni yenye kinga nayo ina umri. Ndani yake kuna vipande viitwavyo MOV vinavyomeza msukumo, na kila msukumo vinaoumeza unavichosha. Nyingi zina taa ndogo ya kuonyesha kuwa kinga ipo; taa hiyo ikizimika huku soketi bado zinatoa umeme, umebaki na ekstensheni ya kawaida. Na kinga hiyo inahitaji waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Nyumba nyingi zina soketi ya pini tatu ambayo pini ya tatu haijaungwa popote. Mwite fundi umeme apime kwa multimita: laivu na nyutro zisome kama 230, laivu na ethi zisome karibu hivyo hivyo, nyutro na ethi zisome karibu na sifuri. Akipata namba inayoelea elea kati ya laivu na ethi, ethi hakuna. Apime tena Septemba au Oktoba, maana udongo ukikauka ethi iliyokuwa nzuri Machi inaweza kuwa dhaifu.

Adapta ndiyo kifaa kinachokufa mara nyingi zaidi kuliko ruta, na inakufa kwa ujanja. Ukiipima haijaunganishwa inasoma volti 12 safi. Ukiiunganisha na ruta ikaanza kuvuta, inashuka hadi 10 na ruta inajizima na kujiwasha, hasa watu wengi wanapoingia kwenye Wi-Fi. Ipime ikiwa na mzigo. Ukinunua nyingine, volti ziwe zile zile kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na chanya iwe katikati kama mchoro wa nyuma ya ruta unavyoonyesha. Adapta ya 12V 2A kwenye ruta iliyokuja na 12V 1A ni sawa. Ya 12V kwenye ruta ya 9V inaweza kuiunguza. Ya 12V 0.5A itakuletea ugonjwa ule ule uliokuwa unaukimbia.

Kwa akiba ya umeme, hesabu ni rahisi. Betri ya 12V 7Ah ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isichakae mapema, una 42. ONT ya wati 6 na ruta ya wati 9 ni wati 15 kwa pamoja, kwa hiyo karibu saa mbili na dakika 45 kama unazilisha kwa DC moja kwa moja kupitia kidhibiti cha volti 12. Usiunge waya tu kutoka kwenye betri inayochajiwa, kwa maana wakati wa kuchaji inapanda hadi karibu 13.8 au zaidi. Ukipitia UPS ya kawaida, inayogeuza umeme kuwa 230 kisha adapta inaurudisha 12, muda unaweza kushuka hadi nusu, kwa sababu UPS yenyewe nayo inakula. Ndiyo maana kwa mtandao mdogo napendelea ile UPS ndogo ya DC iliyotengenezwa kwa ruta.

Betri za UPS za risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na ubaridi wetu unazisaidia. Kinachoziua ni kuachwa tupu. Zikiisha, zichajiwe siku hiyo hiyo. Andika tarehe ya kufunga juu ya betri, na kila miezi mitatu zima umeme makusudi, pima kwa saa inadumu muda gani.

Kwa wenye jenereta: iwashe, iache dakika mbili tatu inguruma sawasawa, ndipo uunge vifaa. Unapoizima, toa vifaa kwanza. Jenereta inayozimika kwa kuishiwa mafuta inakohoa, volti zikipanda na kushuka, na hapo adapta nyingi zimeisha.

Radi na maji

Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa Rungwe hata zaidi, maana Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, adui mkubwa ni radi. Wengi huchomoa umeme na kusahau waya wa mtandao. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mlimani karibu, waya mrefu wa shaba unaotoka kwenye dishi la paani unabeba msukumo hadi ndani ya ruta. Mawingu yakikusanyika chomoa umeme na pia waya wowote wa shaba unaotoka nje. Faiba yenyewe haipitishi umeme, ila angalia waya wa kushukia nyumbani: mwingi una uzi wa chuma pembeni wa kuubebea. Uzi huo ukatwe na ufungwe kwenye ndoano nje ya ukuta, usiingie ndani.

Shule na hospitali zenye majengo kadhaa hulipa gharama kubwa hapa. Waya wa UTP (waya wa mtandao wa shaba) uliozikwa au kuning'inizwa kutoka jengo la utawala hadi maabara ni njia ya radi, na majengo mawili yenye ethi tofauti yanasukumiana umeme kupitia swichi zenu. Kati ya jengo na jengo tumieni faiba na vigeuzi viwili vya mwanga na umeme, au redio mbili zinazotazamana. Gharama ya awali inaumiza kidogo, lakini ukilinganisha na kubadilisha swichi kila masika, inarudi haraka. Mlingoti wa paani nao uwe na ethi, na ethi hiyo iunganishwe na ethi ya nyumba. Zikiachwa mbalimbali, tofauti ya volti kati yake itapita kwenye vifaa.

Waya wa nje uwe wa nje kweli, wenye ganda jeusi linalostahimili jua. Waya wa kijivu wa ndani, jua letu la milimani litaupasua ganda mapema, maji yataingia, na yatatambaa ndani ya waya kama ndani ya mrija mpaka yadondoke kwenye tundu la ruta. Ukikuta pini za RJ45, kichwa cha waya wa mtandao, zina kutu ya kijani, maji yameshafika. Kabla waya haujaingia ukutani, ushushe chini ya tundu kiasi cha sentimita 15 kisha uupandishe, ili maji yadondoke pale chini. Na kiungio cha nje kifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Selotepu ya umeme pekee inafumuka kwa jua.

PoE, mahali umeme na data vinapopita pamoja

Redio nyingi za paani hula umeme kupitia waya wa mtandao, na hapa watu wanaunguza vitu kwa kuchanganya. Kuna PoE tulivu ya volti 24, inayotuma umeme bila kuuliza, na kuna ya viwango vya 802.3af na 802.3at, yenye volti 48 hivi, inayoongea na kifaa kwanza kabla ya kutuma. Ya af hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, ya at hadi 30. Injekta tulivu, kiboksi cha kuingiza umeme huo kwenye waya, ukiichomeka kwenye kompyuta inaweza kuunguza tundu lake. Injekta ina matundu mawili, LAN na POE: LAN inakwenda kwa ruta, POE inapanda paani. Bandika karatasi yenye maandishi makubwa juu yake.

Redio inayojiwasha yenyewe kila baada ya dakika chache mara nyingi inakufa njaa. Chukua waya wa mita 60 wa shaba halisi, wenye unene wa 24 AWG. Jozi mbili zinazobeba umeme kwenda na kurudi zina ukinzani wa karibu omu 5. Redio ikivuta nusu ampea, volti 2.5 zinapotea njiani, na kutoka 24 inapata 21.5. Bado inaishi. Sasa weka waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, ambao ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu: volti nne zinapotea, na vichwa visivyobanwa vizuri vikiongeza chao, redio inazimika pale tu inapoanza kurusha kwa nguvu. Kuutambua waya huo, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ule mwingine unatoa rangi ya fedha. Pia ni mwepesi na unakatika ukiukunja mara chache. Usiupandishe paani, hata ukipewa bure.

Ukibana vichwa, fuata mpangilio mmoja pande zote mbili. T568B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Waya usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Swichi ya PoE yenye kamera ina mtego wake wa usiku. Tuseme ina matundu nane na uwezo wa jumla wa wati 65. Kamera nane zikila wati 7 kila moja mchana, jumla ni 56, hakuna shida. Usiku taa zao za infraredi zinawaka, kila moja inapanda hadi wati 10, na jumla ni 80. Umeme ukirudi saa tatu usiku, kamera zinaamka zote kwa pamoja, na moja au mbili zinaachwa nje. Asubuhi ukija unakuta zote zinafanya kazi, na hakuna anayekuamini kuwa usiku zilikuwa hazipo. Jumlisha kwa namba za usiku kabla ya kununua swichi.

Vumbi, wadudu, baridi

Juni hadi Oktoba, vumbi la Usangu, Chunya na Makambako linaingia kila mahali. Kila miezi mitatu zima kifaa, chomoa, na pangusa matundu ya hewa kwa brashi laini ya rangi. Kama kina feni, ishike kwa kijiti isizunguke unapopuliza, kwa maana feni inayozungushwa na upepo mkali inaumia beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Kompresa ya gereji usiitumie: ina maji na mafuta ndani na presha yake inang'oa vipande vidogo. Kusafisha pini tumia isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi mno.

Kichwa cha faiba kina usafi wake. Usikiguse kwa kidole, usikipulizie kwa mdomo, na usikitazame kwa jicho, maana mwanga wake hauonekani lakini ni leza. Tumia kalamu ya kusafishia faiba au kitambaa kisichoacha nyuzi chenye isopropili kidogo, futa mara moja upande mmoja, rudisha. Na kichwa cha kijani kiende kwenye tundu la kijani: uso wake umekatwa kwa pembe ya digrii 8, haukutani vizuri na wa buluu, na kuulazimisha kunaukwaruza.

Sisimizi wanapenda ujoto wa ruta, mijusi inapenda sisimizi. Usipulize dawa ya wadudu ndani ya kifaa; puliza ukutani kikiwa kimeondolewa, ukaushe. Panya ni wa kuzuia kwa bomba la plastiki kwenye dari.

Baridi yenyewe haiui ruta, nyingi zimeandikwa 0 hadi 40 sentigredi. Umande ndio unaoua. Njombe na Makete mwezi wa Julai, kifaa kilicholala kwenye gari usiku kikiingizwa kwenye chumba chenye joto la watu kinalowa ndani kwa umande. Kiache kwenye boksi lake saa mbili kabla ya kukiwasha. Kwa sababu hiyo hiyo, huko kwenye ukungu sishauri kuzima ruta kila usiku. Ujoto wake mdogo unaikausha.

Mipangilio na kuwasha upya kwa mbali

Kabla ya kuzima ruta yoyote yenye mipangilio ya maana, hakikisha una nakala yake nje ya ruta hiyo. Kwa MikroTik fanya zote mbili: /system backup save kwa kurudisha kwenye kifaa kile kile, na /export file=nakala kwa maandishi unayoweza kuyasoma na kuyahamishia kifaa kingine. Kwenye RouterOS 7, programu ya ndani ya MikroTik, export inaficha maneno ya siri. Ongeza show-sensitive ukiyataka, kisha faili hiyo usiitume kwenye kundi la WhatsApp. Kwa vifaa vya Cisco, andika copy running-config startup-config kabla ya kuzima, la sivyo kila ulichobadilisha tangu ulipohifadhi mara ya mwisho kitapotea.

Angalia na saa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa, na umeme ukikatika huamka zikiamini ni siku nyingine kabisa. Kwenye RouterOS ya zamani logi husoma mwaka 1970. Wanaouza vocha za Wi-Fi wanaumia hapa, muda wa vocha unavurugika. Washa NTP, inayochukua saa sahihi kutoka mtandaoni, uhakikishe saa za eneo ni Africa/Dar_es_Salaam.

Ratiba ya kuizima ruta kila usiku saa tisa siipendi. Inaficha ugonjwa. Ruta inayohitaji kuzimwa kila siku ina joto, adapta mbovu au programu yenye kasoro, na ukiipata kasoro hiyo ratiba haihitajiki. Kuwa mwangalifu pia na watchdog ya MikroTik, kilinzi kinachopima anwani ya mbali na kuiwasha ruta upya isipojibiwa. Ukiiwekea 8.8.8.8 na faiba ikakatwa na greda barabarani, ruta itajiwasha upya tena na tena kutwa nzima, hata mawasiliano ya ndani ya ofisi yafe bila sababu.

Kusasisha programu ya ruta kufanywe kifaa kikiwa kwenye UPS, mchana, mtu akiwa pale pale. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ruta inaweza isiamke. MikroTik huokolewa kwa programu ya kompyuta iitwayo Netinstall kupitia waya, lakini nyingine hazina njia rahisi. Baada ya kusasisha RouterOS kuna hatua inayosahaulika: /system routerboard upgrade, kisha washa upya mara ya pili, ndipo programu ya kuamshia nayo inapanda.

Kifaa kikiwa mlimani na wewe uko mjini, usibadilishe kitu bila kamba ya kurudi. Kwenye MikroTik bonyeza Ctrl+X uingie Safe Mode: mawasiliano yakikatika kwa kosa lako, mabadiliko yanajirudisha yenyewe baada ya dakika chache. Kwenye Cisco anza na reload in 10. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi kifaa kitawaka upya na mipangilio ya zamani iliyohifadhiwa. Kila kitu kikienda sawa, jaribu kuingia upya kwa dirisha jingine, na ukishaingia andika reload cancel, ndipo uhifadhi.